Matawi ya sheria nchini Tanzania: tukio moja, milango mingi

MFUMO wa sheria wa Tanzania umegawanyika katika matawi, na kila tawi lina sheria zake, taratibu zake, muda wake wa kufungua shauri na chombo chake cha kusikiliza malalamiko. Mgawanyo huu huonekana kuwa ni somo la wanafunzi wa vyuo vikuu na mawakili, lakini kwa mwananchi wa kawaida ndio unaoamua iwapo malalamiko yake yatasikilizwa au la. Shauri lenye hoja nzito linaweza kuondolewa mahakamani kwa sababu tu lilifunguliwa mahali pasipohusika, au baada ya muda wake kupita.

Chukua mfano wa daladala iliyoacha njia na kumgonga mtu anayetembea kwa miguu. Tukio ni moja, lakini sheria zinazoligusa ni nyingi. Polisi watamfikisha dereva mahakamani kwa kosa la jinai chini ya Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973. Majeruhi anaweza kumdai mmiliki wa gari na kampuni ya bima fidia kwa njia ya madai. Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, LATRA, inaweza kuchukua hatua kuhusu leseni ya gari kwa mujibu wa sheria za utawala. Kondakta aliyeumia akiwa kazini anaweza kuomba malipo kutoka Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, na dereva akiachishwa kazi bila kufuata utaratibu naye atakuwa na lalamiko la kikazi. Hatua hizo zote zinaweza kwenda sambamba, na kushindwa katika moja hakumaanishi kushindwa katika nyingine.

Chimbuko la mfumo

Mfumo wa sheria wa Tanzania Bara ni wa jamii ya nchi zilizorithi sheria za Uingereza. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, Uingereza iliichukua Tanganyika kutoka kwa Wajerumani na kuleta sheria yake ya mahakama, kanuni za haki na sheria za Bunge la Uingereza zilizokuwa zikitumika nchini humo hadi tarehe 22 Julai, 1920. Tarehe hiyo bado ina uzito, kwa kuwa Sheria ya Mahakama na Matumizi ya Sheria, Sura ya 358, huitumia kama mpaka wa sheria za Uingereza zilizopokewa.

Sheria nyingine zilifika kwa kupitia India na Australia. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, iliyotungwa mwaka 1961, ilifuata kwa karibu sheria ya mikataba ya India ya mwaka 1872. Kanuni za Adhabu, Sura ya 16, zina asili katika kanuni za jimbo la Queensland, Australia, za mwaka 1899, ambazo zilipitia makoloni mengine ya Uingereza kabla ya kufika Afrika Mashariki mwaka 1930.

Kwa hiyo, jaji au hakimu wa Tanzania anapotoa uamuzi hutazama vyanzo kadhaa: Katiba ya mwaka 1977, sheria za Bunge, kanuni zinazotangazwa katika Gazeti la Serikali, sheria ndogo za halmashauri, hukumu za mahakama za juu, sheria za mila na desturi, na sheria ya Kiislamu katika mambo ya Waislamu yanayohusu ndoa, talaka na mirathi. Uamuzi wa Mahakama ya Rufani, iliyoanzishwa mwaka 1979 baada ya kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki ya awali, huzifunga mahakama zote za chini yake.

Sheria za umma na sheria za binafsi

Mgawanyo wa kwanza na wa zamani zaidi ni ule wa sheria za umma na sheria za binafsi, ambao ulijulikana tangu enzi za wanasheria wa Dola ya Roma. Sheria za umma husimamia uhusiano kati ya dola na raia. Humo mna sheria ya katiba, sheria ya utawala, sheria ya jinai na sheria ya kodi. Sheria za binafsi husimamia uhusiano wa watu wao kwa wao, wakiwamo watu wa kisheria kama makampuni. Humo mna mikataba, fidia kwa madhara, mali, ndoa, mirathi na biashara.

Katika nchi kama Ufaransa mgawanyo huo umejengewa mahakama mbili tofauti, moja ya kesi za kawaida na nyingine ya mashauri dhidi ya utawala. Tanzania haikufuata njia hiyo. Mahakama Kuu ni moja, na ndani yake kuna divisheni zinazoshughulikia mambo maalumu kama ardhi, kazi, biashara, na makosa ya rushwa na uhujumu uchumi. Baadhi ya matawi, kama ardhi na kazi, yana mguu mmoja katika sheria za umma na mwingine katika sheria za binafsi.

Sheria ya katiba

Katiba ndiyo sheria mama. Ibara ya 64(5) inasema kwamba sheria nyingine yoyote ikikiuka masharti ya Katiba, Katiba ndiyo itakayokuwa na nguvu, na sheria hiyo itakuwa batili kwa kiasi inachokiuka. Haki za binadamu hazikuwamo katika sehemu yenye nguvu ya kisheria ya Katiba ya mwaka 1977 ilipotungwa. Ziliingizwa kwa marekebisho ya mwaka 1984, na zikaanza kudaiwa mahakamani mwaka 1988.

Tangu hapo mahakama zimetoa hukumu zilizogusa maisha ya watu wengi. Mwaka 1994 Jaji James Mwalusanya wa Mahakama Kuu aliamua kwamba adhabu ya kifo inapingana na Katiba, lakini mwaka 1995 Mahakama ya Rufani ilitengua uamuzi huo na adhabu hiyo ikabaki katika vitabu vya sheria. Mwaka 2016, katika shauri lililofunguliwa na mwanaharakati Rebeca Gyumi, Mahakama Kuu ilitamka kwamba vifungu vya 13 na 17 vya Sheria ya Ndoa vilivyoruhusu msichana kuolewa kabla ya kutimiza miaka 18 ni kinyume cha Katiba, na ikaipa Serikali mwaka mmoja kuvirekebisha. Serikali ilikata rufaa, na Mahakama ya Rufani iliitupa rufaa hiyo Oktoba 2019.

Utaratibu wa mashauri hayo uko katika Sheria ya Utekelezaji wa Haki na Wajibu wa Msingi ya mwaka 1994, Sura ya 3. Shauri hufunguliwa Mahakama Kuu na husikilizwa na majaji watatu. Marekebisho ya mwaka 2020 yalimtaka mfungua shauri aoneshe kwa kiapo jinsi yeye mwenyewe alivyoathirika, jambo lililopunguza nafasi ya mashauri yanayofunguliwa kwa niaba ya umma.

Sheria ya utawala

Tawi hili hudhibiti matumizi ya madaraka ya viongozi, wizara, halmashauri, bodi na mamlaka za udhibiti. Mfanyabiashara aliyefutiwa leseni bila kusikilizwa, mwanafunzi aliyefukuzwa chuoni bila kupewa nafasi ya kujitetea na mkazi aliyevunjiwa nyumba kwa amri isiyo na msingi wa kisheria wote wana malalamiko ya sheria ya utawala.

Mahakama Kuu inaweza kufuta uamuzi wa chombo cha umma, kukizuia kutenda jambo, au kukiamuru kitimize wajibu wake. Katika kazi hiyo mahakama haiulizi iwapo uamuzi ulikuwa mzuri. Huuliza iwapo aliyeutoa alikuwa na mamlaka, iwapo alimsikiliza mhusika na iwapo alifuata utaratibu. Anayetaka uamuzi ufutwe hana budi kuomba kwanza kibali cha mahakama, na ombi hilo lina ukomo wa miezi 6.

Zamani mtu hakuweza kuishtaki Serikali kwa madai bila Serikali yenyewe kuridhia. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, katika shauri la Kukutia Ole Pumbun, Mahakama ya Rufani ilisema kwamba sharti hilo linakiuka Katiba. Badala yake ikawekwa notisi ya siku 90: anayekusudia kuidai Serikali huiarifu kwanza kwa maandishi, na shauri hufunguliwa baada ya siku hizo kupita.

Sheria ya jinai

Kosa la jinai huhesabiwa kuwa ni kosa dhidi ya jamii nzima, ndiyo maana mashtaka hufunguliwa kwa jina la Jamhuri na kusimamiwa na Mkurugenzi wa Mashtaka. Mtu aliyeibiwa au kupigwa huwa shahidi, na hata akimsamehe mtuhumiwa, uamuzi wa kuendelea na kesi hauko mikononi mwake.

Makosa mengi yako katika Kanuni za Adhabu, lakini mengine yamo katika sheria zake mahususi, kama vile Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, Sheria ya Uhujumu Uchumi ya mwaka 1984 na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Adhabu hutofautiana sana. Unyang'anyi wa kutumia silaha una kifungo kisichopungua miaka 30, na mauaji ya kukusudia yana adhabu ya kunyongwa hadi kufa. Mtoto wa chini ya miaka 10 hawezi kutiwa hatiani kwa kosa lolote.

Kwa kuwa adhabu ya jinai inaweza kumnyima mtu uhuru au uhai, kipimo cha ushahidi ni kikubwa: upande wa mashtaka lazima uthibitishe kosa pasipo kuacha shaka yoyote ya msingi. Mshtakiwa hana wajibu wa kuthibitisha kwamba hana hatia, kwani Ibara ya 13(6) ya Katiba inamhesabu kuwa hana kosa mpaka ithibitike vinginevyo.

Sheria za madai

Katika madai, mtu mmoja humdai mwenzake, na anayeshinda hupata fidia, mali yake au amri ya mahakama ya kutenda au kuacha kutenda jambo. Kipimo cha ushahidi hapa ni chepesi zaidi: hushinda yule ambaye maelezo yake yanaelekea zaidi kuwa ya kweli. Ndiyo sababu mtu anaweza kuachiwa huru katika kesi ya jinai, kisha akaamriwa kulipa fidia katika kesi ya madai iliyotokana na tukio lile lile. Kwa upande wa pili, hukumu ya mwisho ya kumtia mtu hatiani huwa ushahidi tosha katika madai kwamba alitenda kosa hilo.

Matawi makuu ya madai ni mawili. La kwanza ni mikataba, ambamo wajibu hutokana na makubaliano. Mkataba si lazima uwe wa maandishi, lakini ule wa mdomo ni mgumu kuuthibitisha. La pili ni madhara, ambamo wajibu huwekwa na sheria bila makubaliano yoyote: uzembe, kashfa, kuingilia ardhi ya mtu, au kelele na moshi vinavyomkera jirani.

Wengi hukimbilia kituo cha polisi wanapodai fedha walizokopesha. Deni lisilolipwa, peke yake, ni jambo la madai, na mahali pake ni mahakamani. Huwa jinai pale tu palipokuwa na udanganyifu au wizi tangu mwanzo.

Ardhi

Ardhi yote nchini ni mali ya umma, na Rais ndiye mdhamini kwa niaba ya wananchi wote. Mtu humiliki haki ya kuitumia, ambayo kwa hati ya kawaida inaweza kufika miaka 99, au kwa haki ya kimila vijijini. Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zote za mwaka 1999, zilianza kutumika tarehe 1 Mei, 2001, na zikaigawa ardhi katika makundi matatu: ardhi ya jumla, ardhi ya vijiji na ardhi ya hifadhi.

Migogoro yake ilipewa ngazi maalumu na Sheria ya Mahakama za Migogoro ya Ardhi ya mwaka 2002: baraza la ardhi la kijiji, baraza la kata, baraza la ardhi na nyumba la wilaya, Mahakama Kuu na hatimaye Mahakama ya Rufani. Marekebisho ya mwaka 2021 yaliyaondolea mabaraza ya kata mamlaka ya kuamua nani mwenye ardhi na kuyaachia kazi ya kusuluhisha tu ndani ya siku 30. Aliyeshindwa kupatana na mwenzake huko huchukua uthibitisho wa baraza la kata na kwenda nao baraza la wilaya.

Ndoa na mirathi

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, Sura ya 29, ilikusanya ndoa za kiserikali, za kidini na za kimila chini ya sheria moja. Kabla ya kuomba talaka mahakamani, wanandoa kwa kawaida hutakiwa kupitia kwanza baraza la usuluhishi la ndoa. Kuhusu mgawanyo wa mali, hukumu ya mwaka 1983 katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu ndiyo inayotajwa zaidi. Humo Mahakama ya Rufani ilisema kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika upatikanaji wa mali ya ndoa.

Mirathi haikupata umoja wa namna hiyo. Tanzania Bara ina mifumo mitatu ya mirathi inayokwenda pamoja: ya kimila, ya Kiislamu, na ya sheria ya mirathi ya India ya mwaka 1865, ambayo bado hutumika kwa wasiofuata mila wala Uislamu. Mahakama huangalia mwenendo wa maisha ya marehemu na nia yake ili kuamua ni mfumo upi utumike, na tofauti ya matokeo ni kubwa. Chini ya Tangazo la Serikali Na. 436 la mwaka 1963, lililoandika mila za baadhi ya jamii, mjane hana fungu katika urithi wa mumewe iwapo marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake; matunzo yake yameachwa kwa watoto wake.

Kanuni hizo zimepingwa zaidi ya mara moja. Mwaka 1990, katika shauri la Ephrahim dhidi ya Pastory, Mahakama Kuu Mwanza iliamua kwamba mwanamke wa Kihaya aliyerithi shamba la ukoo ana haki ya kuliuza sawa na mwanamume, kwa kuwa Katiba inakataza ubaguzi. Wajane wawili waliopinga Tangazo la 436 hawakufanikiwa hivyo. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ilikiri kwamba kanuni zile zina ubaguzi, lakini ikakataa kuzifuta. Mwaka 2015 Kamati ya Umoja wa Mataifa ya Kuondoa Ubaguzi dhidi ya Wanawake ilisema kwamba Tanzania ilikiuka haki za wajane hao.

Kazi

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 huweka viwango ambavyo mwajiri hawezi kuvishusha kwa mkataba: saa 45 za kawaida za kazi kwa wiki, siku 28 za likizo ya mwaka, na siku 84 za likizo ya uzazi, au 100 iwapo mama amejifungua zaidi ya mtoto mmoja. Aliyeachishwa kazi isivyo halali hupeleka lalamiko lake Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Migogoro mingine ya kikazi ina siku 60. Uamuzi wa Tume unaweza kupelekwa Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi, ndani ya wiki 6.

Watumishi wa umma wana njia yao. Marekebisho ya mwaka 2016 ya Sheria ya Utumishi wa Umma yaliwataka kumaliza kwanza ngazi za rufaa za ndani ya utumishi, na mwaka 2022 Mahakama ya Rufani iliamua kwamba Tume ya Usuluhishi na Uamuzi haina mamlaka ya kusikiliza lalamiko la mtumishi wa umma. Matokeo yake ni mazito: aliyeshinda katika Tume miaka kadhaa nyuma anaweza kukuta ushindi wake umefutwa kwa kuwa mlango aliopitia haukuwa wake.

Biashara na kodi

Sheria za biashara zinahusu usajili na uendeshaji wa makampuni chini ya Sheria ya Makampuni ya mwaka 2002, ushindani, benki, bima na kazi za ubunifu. Makampuni na majina ya biashara husajiliwa na BRELA, na mambo ya hakimiliki za wasanii na waandishi husimamiwa na COSOTA. Kampuni iliyosajiliwa ni mtu mbele ya sheria: hudai na kudaiwa kwa jina lake, na madeni yake kwa kawaida si madeni ya wenye hisa.

Kodi ni tawi la umma lenye utaratibu mkali. Asiyekubaliana na makadirio huwasilisha pingamizi kwa Kamishna Mkuu wa TRA ndani ya siku 30, akiwa amelipa sehemu isiyo na ubishi au theluthi moja ya kodi iliyokadiriwa, ipi iliyo kubwa zaidi. Akishindwa huko, njia yake ni Bodi ya Rufani za Kodi, kisha Baraza la Rufani za Kodi, na mwisho Mahakama ya Rufani.

Sheria za mwenendo

Matawi yote yaliyotajwa yanahusu haki na wajibu wenyewe. Kundi jingine linahusu namna ya kuvidai: Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985, Sheria ya Mwenendo wa Madai ya mwaka 1966, Sheria ya Ushahidi ya mwaka 1967 na Sheria ya Ukomo wa Muda ya mwaka 1971.

Hii ya mwisho haina budi kufahamika na kila mtu. Madai yanayotokana na mkataba yana ukomo wa miaka 6, ya madhara miaka 3, na ya kurejesha ardhi miaka 12. Muda ukipita, mahakama huliondoa shauri hata kama mdaiwa hakulalamika. Majeruhi wa daladala aliyesubiri kesi ya jinai ya dereva imalizike ndipo afungue madai yake anaweza kukuta miaka 3 imekwisha.

Ibara ya 107A ya Katiba inazitaka mahakama zitende haki bila kufungwa kupita kiasi na masharti ya kiufundi. Hata hivyo, majaji wamekuwa wakisisitiza kwamba mamlaka ya chombo na ukomo wa muda si masharti ya kiufundi, kwani yanagusa uwezo wenyewe wa mahakama kusikiliza shauri.

Sheria ya kimataifa

Mikataba ya kimataifa huridhiwa na Bunge kwa mujibu wa Ibara ya 63, lakini kwa kawaida haitumiki moja kwa moja mahakamani mpaka itungiwe sheria ya ndani. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ni mfano, kwani ilileta nchini masharti ya mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu haki za mtoto.

Arusha ni makao ya mahakama mbili za kimataifa: Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, na Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki. Mwaka 2013 Mahakama ya Afrika iliamua kwamba Tanzania ilikiuka haki za Mchungaji Christopher Mtikila na wenzake kwa kukataza wagombea binafsi katika uchaguzi, suala ambalo Mahakama ya Rufani ilikuwa imeliacha kwa Bunge mwaka 2010. Novemba 2019 Serikali iliondoa tamko lililowaruhusu watu binafsi na asasi kuishtaki moja kwa moja katika mahakama hiyo, na uamuzi huo ukaanza kutumika Novemba 2020.

Zanzibar

Mambo ya Muungano yameorodheshwa katika Katiba ya Jamhuri ya Muungano. Yasiyo ya Muungano huachiwa Zanzibar, yenye Katiba yake ya mwaka 1984, Baraza la Wawakilishi linalotunga sheria, na Mahakama Kuu yake. Kwa hiyo ardhi, ndoa na makosa mengi ya jinai Visiwani husimamiwa na sheria tofauti na za Bara; Zanzibar ilitunga Sheria yake ya Adhabu mwaka 2018. Mahakama za Kadhi husikiliza mambo ya ndoa, talaka na mirathi ya Waislamu.

Mahakama ya Rufani huziunganisha pande zote mbili, isipokuwa kwamba tafsiri ya Katiba ya Zanzibar na mambo ya Kiislamu yaliyoanzia Mahakama za Kadhi huishia Zanzibar.

Lugha na msaada

Kwa miaka mingi kikwazo kikubwa kwa mwananchi kilikuwa lugha. Kiswahili kilitumika katika mahakama za mwanzo, huku hukumu za juu na sheria nyingi zikiandikwa kwa Kiingereza. Mwaka 2021 Bunge lilipitisha marekebisho yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, kwa upande wake, iliwatambua wasaidizi wa kisheria, ambao huweza kumwelekeza asiye na uwezo wa kumlipa wakili.

Mwenye tatizo la kisheria, kabla ya kutafuta wakili au kulipa ada yoyote, anaweza kujiuliza maswali manne. Anayelalamikiwa ni mtu binafsi, kampuni au chombo cha umma? Kinachotakiwa ni adhabu, fidia, au kufutwa kwa uamuzi? Sheria imetaja chombo maalumu cha kuanzia? Na zimebaki siku ngapi? Majibu ya maswali hayo ndiyo yatakayoonesha tawi linalohusika. Kati ya manne hayo, la siku ndilo la kujibiwa kwanza, kwa kuwa makosa mengine yanaweza kurekebishwa, ilhali muda uliopita huhitaji kibali maalumu cha kuuongeza, na kibali hicho hakitolewi bila sababu ya msingi.